Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: yuko wapi muuguzi uliyetuahidi?

Mheshimiwa Daktari,

Kwa heshima na taadhima. Barua hii naisema mimi, mpwa wangu anaandika, maana leo vidole vyangu havishiki kalamu.

Jumanne iliyopita nilikaa kwenye benchi la kliniki yako tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Nilipoingia, daktari kijana akasema macho yakiwa kwenye faili: "Mama, kuna dawa mpya ya baridi yabisi. Vidonge, kutwa mara mbili. Unaanza au huanzi?" Nikauliza madhara yake. "Dawa zote zina madhara, mama. Kafikirie, ukiamua urudi." Hazikufika dakika tano, na humo humo simu yake iliita akaipokea.

Haya, nimefikiria. Nimefikiria na cherehani yangu, maana ndiyo iliyokuwepo.

Mwaka jana ulisimama mwenyewe mbele ya wananchi, kipaza sauti mkononi, ukaahidi kwamba sisi wa magonjwa ya kudumu tutapewa muuguzi wa kutueleza dawa zetu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa viganja vinavyouma. Labda muuguzi huyo bado yuko njiani, barabara zetu tunazijua.

Usidhani naikataa dawa. Mimi ni fundi wa nguo mwaka wa 19 huu, na siku hizi uzi natungiwa na mtoto wa jirani wa darasa la tatu. Asubuhi naloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto mpaka vidole vikubali kukunjuka. Januari nilirudisha vitambaa vya sare za shule kwa wenyewe, na pesa niliyokwisha kuila nikairudisha kidogo kidogo. Kidonge cha kunirudishia mkasi mkononi nakitaka kuliko unavyodhani.

Ila naogopa. Mwenzangu wa benchi moja alipewa methotreksati, ile dawa ya baridi yabisi ya kumeza mara moja kwa wiki. Bahasha iliandikwa alama za haraka haraka, yeye akazisoma kuwa ni kila siku. Siku ya tisa mdomo ulikuwa vidonda vitupu, hata maji hayapiti, damu imeshuka, akalazwa. Alipona, alhamdulillahi, lakini dawa hiyo hataki hata kuiona. Na ndiyo hiyo hiyo ninayomeza kila Jumapili, na vidonge vya foliki vya kupunguza madhara yake, imenisogeza miaka minne.

Hii mpya mpwa wangu ameisoma. Ni tofasitinibu. Marekani waliiruhusu 2012, kisha 2021 mamlaka yao ya dawa ikaongeza onyo kali: mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani, damu kuganda, hasa kwa wenye miaka 50 na zaidi walio na hatari ya moyo. Mimi nina 53 na presha. Tena inaweza kuleta mkanda wa jeshi na kuiamsha TB iliyolala mwilini, ndiyo maana mtu hupimwa TB kabla ya kuanza. Mama yangu aliugua TB 2009, na aliyekuwa akimlisha ni mimi. Nani aliniuliza? Na huenda pamoja na hayo yote bado inanifaa! Hilo ndilo nililomfuata daktari.

Pale benchini wanasema tunajaribiwa. Wengine wanasema vidonge vinakaribia kuisha muda. Mimi nahisi ni wingi wetu tu, daktari mmoja na foleni hadi getini. Lakini aliyenyamaziwa utamkataza vipi kukisia?

Nilikuwa na maombi mengi: dawa zisikatike, vipimo vya ini, hata benchi lenye egemeo. Mpwa nimemwambia ayafute. Naomba mtu. Mtu mmoja, kiti, nusu saa, aniambie: na presha yangu hii? Na TB ya mama? Damu nitapimwa lini, kwa pesa ya nani? Nikishaanza, stoo ikikauka, nifanyeje? Yule muuguzi, Mheshimiwa. Yule uliyemtaja kwa kipaza sauti.

Jumanne ijayo nitakuwepo saa kumi na mbili na karatasi yangu ya maswali. Yako tisa, yameandikwa kwa herufi kubwa ili yasomeke hata na mtu anayeongea na simu.

Wako mtiifu, bado,

Fundi wa benchi la tatu