Barua ya pili ni ya nini?

Mhariri,

Mdogo wangu ni mwanamume aliyebadili jinsia; alizaliwa na mwili wa kike. Tunaishi pamoja Minneapolis, Marekani. Daktari amekubali kumtoa kizazi, lakini bima yake inadai barua mbili za wataalamu wa afya ya akili. Ya kwanza aliisubiri miezi mitano. Nilimkuta jikoni akiisoma, kidole kimeganda kwenye maneno "akili timamu", machozi yanamtoka. Mimi nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, na hakuna aliyenipima akili!

Mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, ulipunguza barua hizo kutoka mbili hadi moja mwaka 2022. Baadhi ya bima zinang'ang'ania ya pili kwa nini? Anayehitaji ushauri nasaha apewe, ila usigeuzwe kizuizi. Miadi yake ijayo ni Machi.

Dada yake,
Minneapolis