Dawa chini ya mto

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nimesoma barua ya yule mwanafunzi wa uuguzi aliyekataliwa andiko lake la utafiti eti halina namba, na mimi yalinikuta hayohayo kwahiyo naomba nafasi kidogo niseme kuhusu ethnografia, yaani utafiti wa kukaa na watu na kuwaangalia.

Mimi ni nesi. Nilipokuwa nasoma nilitaka kujua kwanini wagonjwa wengine hawapati nafuu na dawa wanapewa kila siku. Msimamizi wangu akasema tunga dodoso, nikatunga, swali mojawapo lilikuwa je unameza dawa kwa wakati, karibu wote wakajaza ndiyo na chati nazo zinasema wamemeza. Haikuniingia akilini. Nikaomba kibali niwe nakaa tu wodini na daftari langu, asubuhi, usiku, wikiendi, na kama wiki ya tatu hivi nikamwona mama mmoja anapokea vidonge, anapiga funda la maji, anasema asante sista, sista akigeuka tu vidonge vinatoka mdomoni vinafungwa kwenye tishu vinaingia chini ya mto. Sikumshtua. Baadae nikamkalia karibu nikamuuliza taratibu, akaniambia mwanangu nikimeza tumbo likiwa tupu natapika, dawa zinakuja mapema chakula kinachelewa, naziweka mpaka nile, ila sitaki sista anione mkaidi. Nikamwomba ruhusa nimwambie sista wa zamu, maana pale usalama wa mgonjwa unatangulia, utafiti unasubiri.

Sasa niambieni, dodoso gani lingeuliza habari za mto na tishu? Anayelitunga hajui hata kama hilo swali lipo.

Hiyo ndo ethnografia, unakaa na watu muda mrefu, unaangalia wanachofanya na sio wanachosema tu, unawauliza wenyewe maana yake nini. Wanaanthropolojia, wale wanaochunguza maisha na mila za watu, wameitumia zamani sana, na kwetu sisi manesi aliyeileta kwa nguvu ni Madeleine Leininger, nesi wa Marekani ambaye miaka ya 1950 akihudumia watoto wenye shida za akili aliona wahudumu hawawaelewi watoto hao kwasababu malezi yao ni tofauti, akaenda kusoma anthropolojia na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaishi na watu wa Gadsup kule Papua New Guinea. Alisisitiza mtafiti anaanza kama mgeni, mpaka aaminiwe kama rafiki ndo ataambiwa ya ndani, na hilo nimeliona kwa macho yangu, siku ya kwanza kila mtu wodini ananawa mikono vizuriii mbele yako, wiki ya nne wameshakuzoea na wanafanya kama kawaida yao.

Wanaosema ni hadithi tu hawajawahi kuifanya. Unaandika noti siku hiyohiyo kabla hujasahau, ulichoona unakilinganisha na mahojiano na mafaili, na unajichunguza na wewe mwenyewe. Kwa nesi hapo ndo pagumu kweli, wodi tumeizoea mno hadi mgonjwa kugeukia ukutani saa ya raundi hatulioni tena, na ukivaa yunifomu mgonjwa anakujibu kama sista, hakujibu kama mtafiti. Na ruhusa hauombi mara moja ukamaliza, unaomba kila mara, kwasababu watu wanasahau kwamba unaandika.

Namba sizikatai hata kidogo. Nikishajua kuna vidonge chini ya mito ndo naweza kwenda kuhesabu ni mito mingapi. Ila kuna vyuo vinampa mwanafunzi wiki mbili za kukusanya data, na kwenye kamati ya kupitisha andiko unaweza usimkute hata mmoja aliyewahi kukaa wodini na daftari. Mimi wiki mbili zangu zingeisha bado yule mama ananiambia sijambo. Naomba vyuo viruhusu angalau miezi miwili kwa anayetaka njia hii, na wamtafutie msimamizi anayeijua.

Ni mimi msomaji wenu,
Nesi wa wodini