Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vickers Yetu na Uzi Uliobana

Ndugu wanachama,

Nianze na swali mnaloniuliza tangu kiangazi: kwa nini bombomu, yaani Vickers yetu, bunduki ya rashasha inayopozwa kwa maji, ilinyamaza mbele ya watu? (Nitaendelea kuiita bombomu, kama walivyoiita askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki enzi za ukoloni, maana baadhi yenu mlilirithi neno hilo kwa babu zenu.)

Lilikuwa onyesho letu la pili mwaka huu hapa Uingereza. Mkanda wa risasi baridi (zisizo na kichwa) 250 ulikuwa umeshaingizwa. Bombomu ikapiga tatu au nne, ikasimama. Tukavuta mkono wake wa pembeni, ikapiga moja, ikasimama tena. Wenye zamu walidhani risasi ni mbovu. Mimi nilitazama mkono huo. Vickers husema ugonjwa wake kwa mkono huo: unaweza kukwama katika hali nne, na kila hali ina mahali pake pa kutafuta kosa. Wetu ulikwama karibu wima, maana yake mtutu na kufuli (kipande kinachofunga risasi nyuma ya mtutu) havikurudi nyuma vya kutosha.

Tulipoifungua, kosa lilikuwa letu. Mtutu wa Vickers hukaa ndani ya pipa lenye maji lita 4 hivi, na kwa kila risasi huteleza nyuma na mbele. Mdomoni huzungushiwa uzi ili maji yasivuje. Zamani uzi huo ulikuwa wa asbestosi. Sisi tunatumia wa grafiti, kwa sababu vumbi la asbestosi huua mapafu. Wiki moja kabla ya onyesho tuliona matone, tukaongeza uzi, tukakaza. Maji yakakoma kuvuja, na mtutu ukakoma kuteleza. Niliusukuma kwa kiganja, ukasogea kwa shida kama droo ya kabati lililonyeshewa. Tukapunguza mizunguko miwili ya uzi, tukaupaka mafuta. Ukaenda na kurudi kwa kidole.

Spiringi ya ubavuni, inayourudisha mtutu mbele, tuliipima kwa mizani ikawa sawa, kati ya ratili 7 na 9. Nashukuru hakuna aliyeigusa siku ile. Mtu angeilegeza, pengine ingepiga, na kosa lingebaki limejificha hadi livunje kitu. Vipuri vya asili havitengenezwi tena. Jeshi la Uingereza liliipokea silaha hii mwaka 1912 na kuiacha 1968.

Kwa hiyo kamati imeamua kwamba hakuna atakayekaza uzi bila kusukuma mtutu kwa mkono, kupima spiringi na kuandika daftarini alichokifanya, pamoja na jina lake. Mikanda ya kitambaa itahifadhiwa ndani ya nyumba, kwani pamba yenye unyevu hubana risasi na kuvuruga ulishaji. Maji yatamwagwa siku hiyohiyo ya kupiga. Baridi ya Januari ikiyakuta ndani, barafu itapasua pipa, na pipa hilo hatuna la pili.

Kibali cha kumiliki kimehuishwa. Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina; ninachoomba mimi ni mpitishe fungu la mizani mpya, ile ya sasa ni ya kuazima.

Mafunzo ya kufunga uzi yatafanyika kabla ya onyesho la kwanza la mwaka ujao. Asiyehudhuria hatapangwa kwenye zamu ya kupiga, mimi nikiwemo.

Mwenyekiti