Amycus hakuwa bingwa

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka na miaka na sijawahi kukuandikia. Ile makala ya Jumapili iliyomsifu Amycus, yule wa hadithi za kale za Kigiriki, kuwa bingwa wa ngumi wa Ugiriki imenitoa kimya.

Kwanza, hakuwa Mgiriki. Alikuwa mfalme wa Wabebryces huko Bithynia, Uturuki ya leo. Baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari, lakini walioshuka pwani yake kutoka baharini hawakukaribishwa hata kwa maji. Ilikuwa lazima wazichape naye kwanza, na wengi walifia hapohapo. Mabaharia wa Argo, meli ya mashujaa wa Kigiriki, walipofika, hakuwauliza watokako wala waendako. Aliwaambia tu watoe mtu. Akatoka Polydeuces, mmoja wa mashujaa hao. Zikawekwa jozi mbili za mikanda ya ngozi kavu ya kufunga mikononi, na Amycus akajigamba kwamba yeye ni fundi wa kukata ngozi za ng'ombe na wa kuchafua mashavu ya watu kwa damu. Polydeuces akatabasamu kidogo, akaokota zilizokuwa miguuni pake. Katika masimulizi ya Apollonius, mshairi wa kale wa Kigiriki, aliyemaliza kazi ni Polydeuces: ngumi moja juu ya sikio, mifupa ikavunjika ndani. Theocritus, mshairi mwingine wa Kigiriki, anasema Polydeuces alimwacha hai baada ya kumwapisha asiwaonee wageni tena. Kote kuwili Amycus kapigwa!

Huyo ndiye bingwa? Mimi mwaka 1981 nilikuwa kijana wa kilo 57, nimeingia kambi moja ya masumbwi na viatu vyangu mkononi, hata kamba sijafunga. Mkubwa wa pale, kilo zaidi ya 80, akafunga mlango kwa komeo, akasema hapa kila mgeni anaanza na mimi. Glavu alivaa yeye, mimi sikupewa. Kocha alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa chai. Sikio langu la kushoto linavuma mpaka leo, na mke wangu akiniita upande huo simsikii. Pambano usiloweza kulikataa si mchezo, Mhariri, ni uonevu! Na mapromota wanaowatoa vijana vijijini, wakawapandisha ulingoni na watu wasiolingana nao uzani, bila daktari, kwa ahadi ya nauli tu, nao ni akina Amycus.

Naomba mchoro ule wa makala yenu, wa Amycus na glavu nyekundu, uchorwe upya. Amycus afungwe mikanda ya ngozi mpaka kwenye vifundo vya mikono, apige magoti, na meli ionekane nyuma. Ukurasa uleule, ukubwa uleule.

Bondia mstaafu,
Tanga