Barua ya wazi kwa Ofisa Utamaduni wa Manispaa ya Tabora: tupatie ukuta na jioni moja

Ndugu Ofisa Utamaduni,

Salaam. Kwa umri huenda wewe ni mwanangu, na kwa kiti ulichokalia wewe ni mkubwa wangu; pokea basi salamu za pande zote mbili. Ningeweza kuja ofisini na karatasi mkononi, lakini jambo langu si la mtu mmoja. Ni la kila mtu wa mji huu aliyewahi kutoka sinema usiku akiimba Kihindi asichokijua. Ndiyo maana nimeliandika hadharani.

Ninachoomba ni hiki: jioni moja kila mwezi, katika miezi ya kiangazi, manispaa ituruhusu kuonyesha filamu za zamani za nyimbo mbele ya watu wote, bila kiingilio. Mambo ya vibali na gharama nitayafikia. Kwanza niache nikueleze ninachokililia.

Baba yangu alikuwa opareta wa sinema hapa mjini. Mikanda ililetwa kwa treni kutoka Dar es Salaam, ndani ya mikebe ya bati iliyopangwa kwenye sanduku la chuma. Unajua Tabora ni njia panda ya reli, huku Mwanza, kule Kigoma, kwa hiyo kila picha ilikuwa na siku zake za kukaa kwetu. Baba alikuwa akinituma stesheni na kaka yangu kusubiri, tukiwa na mkokoteni. Treni ikichelewa, mtaa mzima ulijua, maana bango lilikuwa limeshazungushwa tangu asubuhi na kijana mwenye kipaza sauti cha bati, na watu walikuwa wameshaazima kanga za kuvaa.

Chumba cha mashine kilikuwa na joto la tanuri. Mashine zilikuwa mbili, na ndani ya kila moja njiti mbili za kaboni ziliungua zikitoa mwanga mkali ambao baba alitukataza kuutazama. Mkanda mmoja ulikwenda kama dakika 20, kisha mashine ya pili lazima ipokee bila watazamaji kujua. Alinifundisha namna ya kujua wakati. Ukikaribia mwisho wa mkanda, kwenye kona ya juu kulia ya picha panatokea kidoa cha duara, mara moja tu, kama mtu aliyepepesa jicho. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye kinatokea kidoa kingine, hapo unageuza. Ukichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi: "Opareta! Opareta!" Baba hakupenda hata kidogo kuitwa hivyo. Mpaka leo nikitazama filamu ya zamani jicho langu linakwenda lenyewe kwenye kona ile.

Sasa nikuambie jambo lililoniliza nikiwa darasa la tatu. Tulikuwa tumeona Awaara, ile ya mwaka 1951 ya Raj Kapoor na Nargis, ambayo ilirudi kwetu mara kwa mara miaka mingi baada ya kutengenezwa. Watoto wote wa Ng'ambo tuliuimba ule wimbo wa mzururaji, tumekunja suruali kama Raj Kapoor, tumebeba vifurushi mabegani. Siku moja baba akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba Raj Kapoor haimbi. Anayeimba ni mtu mwingine, anaitwa Mukesh, anaingia studio, sauti inarekodiwa, kisha stelingi anafuatisha kwa midomo. Nililia kama niliyefiwa. Mama akamgombeza baba: "Mtoto mdogo unamwambia hayo ya nini?"

Nilipokua ndipo nilipoona uzuri wa jambo hilo. Wimbo mmoja uliopita mbele yetu kwa dakika tano ulikuwa umebebwa na watu wengi: mtunzi wa maneno, watunzi wa muziki, wapigaji wa vinanda na ngoma, mwimbaji ambaye uso wake hatukuujua, na mwigizaji aliyeupa mwili. Lata Mangeshkar aliwaimbia waigizaji wa kike wa vizazi na vizazi, na sisi tuliwapenda wote kwa sauti yake moja. Alipofariki Februari 2022, akiwa na miaka 92, nilikaa jikoni peke yangu nikisikiliza nyimbo zake kwenye simu hadi mboga zikaungua. Nilikuwa namlilia yeye, na nilikuwa nalilia pia ule ukumbi, kwa sababu sauti ile sikuwahi kuisikia nikiwa peke yangu. Niliisikia nikiwa nimebanwa kati ya dada yangu na mwanamke mnene nisiyemjua aliyetugawia karanga.

Ndugu Ofisa, umewahi kuona Mughal-e-Azam? Ni ya mwaka 1960, inachukua zaidi ya saa tatu, na sehemu kubwa yake ni nyeusi na nyeupe. (Mwaka 2004 ilitolewa tena ikiwa imetiwa rangi yote. Mimi naipenda ile ya kwanza, na nitakueleza kwa nini.) Unakaa muda mrefu katika mwanga na kivuli: mfalme Akbar, mwanawe Salim, na kijakazi Anarkali ambaye mfalme hamtaki. Kisha Anarkali, yaani Madhubala, anaingia kucheza mbele ya mfalme katika jumba la vioo, na rangi zinafunguka. Nyekundu, kijani, dhahabu. Anaimba Pyar Kiya To Darna Kya, yaani aliyependa aogope nini, na umbo lake linatokea katika vioo vya dari, mamia kwa mamia, mfalme kila anapogeuza macho anamwona yeye. Ukumbi wetu ulinyamaza. Mzee mmoja nyuma yetu akasema "Subhanallah" polepole, na hakuna aliyemcheka. Ukiitia rangi filamu nzima, mzee yule hapati cha kushangaa.

Lakini kama ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua Mother India ya mwaka 1957, kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mkulima wa tumbaku Urambo. Alikuja kwa treni kututembelea, tukampeleka sinema Jumapili, siku ya familia. Hakujua Kihindi wala Kiingereza. Filamu ile inaanza na deni: mama mkwe wa Radha, yule anayeigizwa na Nargis, amekopa rupia 500 kwa mkopeshaji Sukhilala ili amfanyie mwanawe harusi, hajui kusoma, na wazee wa kijiji wanaamua kwamba robo tatu ya mavuno iende kwa mkopeshaji kama riba, kila mwaka. Dada yangu alianza kumtafsiria shangazi alivyoweza. Shangazi akamkatiza: "Nyamaza, naelewa." Alikuwa ameshawahi kulima msimu mzima, kuchoma kuni bani, kwenye banda la kukaushia tumbaku, usiku kucha kukausha majani, kisha kupeleka tumbaku sokoni na kuambiwa kwamba baada ya kukatwa mkopo wa mbolea hakuna kilichobaki. Sukhilala hakuhitaji mkalimani. Nargis alipojifunga jembe na kulivuta shambani kama ng'ombe, shangazi alinishika mkono akaubana hadi ukaniuma. Na mwishoni, Radha alipompiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, aliyekuwa anamteka bibi harusi wa kijiji, wanawake wengi ukumbini walipiga kelele. Shangazi hakutoa sauti. Tulitembea kimya mpaka nyumbani chini ya miembe, na tulipofika mlangoni akasema: "Angefanyaje? Na yule naye ni mtoto wa mtu." Alikuwa anamsemea yule msichana aliyetekwa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wakati wa kupiga filamu ile moto ulimzingira Nargis, na aliyeruka kumwokoa ni Sunil Dutt, yule yule aliyeigiza kama Birju mwanawe, na mwaka 1958 wakaoana. Nilitamani shangazi angekuwa hai nimpelekee habari hiyo. Angefurahi hadi apige vigelegele.

Yaliyofuata unayajua. Yakaja mabanda ya video, halafu televisheni, maana ITV ilianza kurusha mwaka 1994, halafu simu. Sinema zikafa mji baada ya mji. Simlaumu mtu. Baba alirudi nyumbani siku ya mwisho na kipande kifupi cha mkanda mfukoni, picha kama 20 hivi za mwanamke akigeuza shingo, na hakutuambia ni filamu gani. Ninacho mpaka leo ndani ya Kurani yake.

Najua utaniambia, mama, filamu zote hizo siku hizi ziko mtandaoni. Ni kweli, nami nazitazama. Wajukuu zangu pia wanazitazama, kwa namna yao: wanaruka hadithi, wanafika kwenye wimbo, wanautazama nusu, wanahamia kwingine. Siwagombezi, kwa sababu hawajawahi kuona namna nyingine. Wimbo wa filamu zile ulitengenezwa usubiriwe. Unasubiri saa nzima mateso, kutengana, mvua inanyesha, kisha ala zinaanza na watu 300 wanavuta pumzi kwa pamoja. Hilo haliwezi kuwekwa kwenye simu. Linahitaji giza, linahitaji majirani.

Na mji huu ni mji wa muziki. Hapa ndipo Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids walipopiga. Watu wa hapa hawajasahau kukaa pamoja kusikiliza kitu, wamekosa mahali.

Sasa vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua na kupanga madaraja. Barua ya manispaa kwenda kwao itakuwa na uzito ambao barua yangu haina. Kuhusu hakimiliki, sheria ya India inailinda filamu kwa miaka 60 tangu itolewe. Awaara imeshapita muda huo, Mother India imeshapita, na Mughal-e-Azam ile ya asili imeshapita pia. Kwa upande wetu waulizwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na wakisema kuna ada, tutachanga. Sitaki tuonyeshe kitu cha wizi. Baba hakuwahi kuonyesha mkanda usiolipiwa.

Sisemi pia kwamba ziwe za Kihindi tu. Waarabu wa hapa mjini wana wazee wanaozikumbuka za Misri, za mwimbaji Farid al-Atrash na ala yake ya udi. Walimu wastaafu watataka The Sound of Music ya mwaka 1965, na nadhani watoto wa kwaya za makanisani wataipenda kuliko sisi sote, kwa namna Julie Andrews anavyowafundisha wale watoto saba sauti za muziki moja moja. Kila mwezi watu wachague.

Mahali, mimi napendekeza uwanja wa Chipukizi, au ukuta wowote mrefu wa jengo la serikali unaotazama eneo la wazi. Kuanzia Mei hadi Oktoba hatuna hofu ya mvua. Tuanze saa moja na nusu usiku, baada ya Magharibi, ili watoto wawahi kulala. Katikati pawe na mapumziko kama zamani, akina mama wauze karanga, kahawa, matobolwa. Ningeomba polisi jamii wawepo, kwa sababu wanawake hawatakuja kama njia ya kurudi nyumbani si salama, na sinema bila wanawake kwetu haikuwa sinema. Projekta ya kisasa ni ndogo kama mkoba, haihitaji kaboni wala mtu wa kukodolea macho vidoa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu anayo, anaitumia harusini, amekubali kuja nayo akilipiwa usafiri tu.

Pazia lipo tayari. Nimenunua bafta nyeupe, nimeshona mapana manne kwa cherehani yangu mwenyewe, nikatia upindo wa kamba juu na chini ili upepo usilipeperushe. Limekunjwa juu ya kabati. Nikilitandaza uani linafunika kuanzia mlango wa jiko hadi kisimani.

Kwa hiyo nataka unitajie siku ya kuja kupima ukuta. Nitakuja na futi yangu.

Wako katika kuujenga mji,
Mtoto wa opareta,
Ng'ambo, Tabora