Hilo fuvu litoe

Philadelphia

Mdogo wangu Juma,

Mama mfikishie shikamoo yangu. Rasimu ya riwaya yako nimeisoma. Chama chako cha siri kinakula kiapo cha damu na kuvaa pete za fuvu. Hapo umekwenda kombo. Njama dhidi ya Weusi wa Marekani iliendeshwa kwa mihuri na majalada. Agosti 1967 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliagiza vyama vya Weusi vivurugwe: mashushushu waingizwe mikutanoni, viongozi wagombanishwe kwa barua za uongo.

Kilichowaumbua ni wizi. Mahali ni ofisi ya FBI ya Media, mji mdogo jirani na hapa, usiku wa 8 Machi 1971. Wezi walikuwa 8, mkuu wao William Davidon, profesa wa fizikia. Waliuchagua usiku wa pambano la ndondi la Ali na Frazier, masikio ya watu yakiwa redioni. Kabla ya hapo mwenzao, Bonnie Raines, alikwenda ofisini humo akijifanya mwanafunzi anayeulizia kazi za wanawake. Glavu hakuvua hata alipokuwa akiandika. Akaona king'ora hakuna na makabati hayafungwi.

Sasa mlango, maana wako unafunguka kirahisi mno. Keith Forsyth, fundi wao wa kufungua vitasa, alikuta vitasa viwili, kimoja cha aina asiyoiweza. Akarudi kwa wenzake, wakashauriana, akaenda kujaribu mlango wa pili. Kitasa kikakubali, komeo likagoma. Akalivunja kwa mtaimbo mdogo, kumbe nyuma ya mlango kuna kabati zito. Ikabidi alale sakafuni, alisogeze taratibu kwa chuma cha jeki ya gari, kwa kuwa likianguka mlinzi wa jengo angesikia. Dakika hizo ndizo za kuandika kurasa tatu!

Nyaraka zaidi ya 1,000 zilibebwa nje ndani ya masanduku ya nguo. Nakala zikatumwa magazetini, na Washington Post wakachapa tarehe 24. Kati ya nyaraka hizo kulikuwa na agizo la kuchunguza vyama vya wanafunzi Weusi vyuoni, na kikaratasi cha kupitishia faili chenye neno moja lisilo na maelezo: COINTELPRO. Mwandishi Carl Stern aling'ang'ania neno hilo hadi mahakamani, akapewa nyaraka zake Desemba 1973: kumbe ndilo jina la mpango wenyewe wa kuvuruga vyama. Wezi hawakukamatwa; baadhi yao walijitaja wenyewe 2014.

Mpelelezi wako mnyang'anye bastola, umpe kikaratasi hicho. Sura ya pili nitumie ikiwa tayari.

Kaka yako