Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa Mambo ya Kale: sio kila mtu ameoa Kolo

Mheshimiwa, shikamoo. Na kama ikitokea mimi ndo mkubwa kwako basi hiyo shikamoo utanirudishia siku tukionana.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, nina mke na watoto watatu, na sijawahi kumwandikia kiongozi barua yoyote zaidi ya ile ya kuomba kuunganishiwa maji. Hii naiandika kwa sababu ya siku mbili tulizolala Kolo, kijiji cha huko Kondoa, mwanzoni mwa mwezi wa saba watoto wakiwa bado likizo, na tangu turudi kila mteja anayekuja kununua misumari nampigia hadithi ya michoro ya miambani mpaka mke wangu kaniambia bora uwaambie wenye mamlaka, wateja wanataka misumari tu.

Michoro ya Kondoa kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anaijua kwa jina. Swali linakuja, michoro ya mapangoni inapatikana wapi, unajibu Kondoa Irangi, unapata maksi yako, imeisha hiyo. Mimi nilijibu hivyo, mwanangu wa kwanza naye kajibu hivyohivyo, na wote wawili tulikuwa hatujawahi kuiona, wakati kutoka hapa kwangu ni kilomita kama 180 na lami tupu mpaka Kolo penyewe. Tulienda kwa sababu mke wangu ni Mrangi na baba yake mkubwa anakaa kule, kila mwaka anapiga simu njooni, njooni, wajukuu siwajui sura. Nikaazima hema kwa jamaa yangu mmoja tukaondoka asubuhi na kigari chetu, watano ndani, sufuria miguuni.

Hema lenyewe lilitutoa jasho. Nguzo moja ilibaki Dodoma (mpaka leo hakuna aliyekiri), tukazunguka nalo uwanjani kwa mzee kama saa nzima, kila tukiinua upande huu upande ule unalala chini, majirani wakaja kutazama bure. Mzee alituangalia weee, halafu akaingia shambani na panga akarudi na mti ulionyooka, akauchonga ncha, akausimamisha, hema likakaa. Akasema nyumba ndani zipo vyumba viwili vitupu lakini kama mmekuja kulala nje kwa raha zenu basi laleni. Na baridi ya Julai ya kule Mheshimiwa sio mchezo, upepo unashuka kutoka milimani unapiga turubai usiku kucha, mtoto wa mwisho ana miaka sita alilala katikati yetu na kofia ya sweta na soksi mbilimbili, na asubuhi yeye ndo aliyegoma kuhamia ndani.

Kesho yake tukapita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, tukalipa, tukapewa risiti na kijana wa kutuongoza, kisha barabara ya vumbi karibu kilomita 10 mpaka chini ya mlima, halafu mnapanda kwa miguu. Tulifika juu Mungomi wa Kolo, kwenye mwamba wenye michoro, saa sita mchana jua limesimama utosini. Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri.

Hatukuona kitu. Yaani tuliona mwamba mkubwa umejikunja kama paa, chini yake kuna madoa mekundumekundu, mwongozaji ananyoosha kidole (hagusi, na sisi katukataza kugusa) anasema huyu tembo, huyu twiga, yule pale mtu, na sisi tunaitikia eee eee kama watu walioko kanisani lugha ya Kilatini. Binti yangu wa kati akaninong'oneza baba ni kutu? Tungekuwa tumekuja safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, muda ule ndo tungepiga picha mbili tatu za stetasi tukaanza kushuka ili giza lisitukute njiani, na mpaka nakufa ningesema Kondoa nimefika, ni madoa.

Ila sisi tulikuwa na pa kulala, haraka ya nini. Tukakaa kivulini, tukala viazi na mayai ya kuchemsha, mzee alitufungashia na karanga, watoto wakachoka kulalamika wakatulia. Jua likaanza kulegea. Ilipofika kama saa kumi na nusu mwanga ukawa laini, macho nayo yameshauzoea mwamba, mara yule mdogo aliyekuwa amelala chali anasema kuna ng'ombe. Wapi? Pale juu. Ana ngozi inaning'inia shingoni. Tukalala chali wote, mimi na kitambi changu, na kweli, pofu huyo (mnyama, sio asiyeona), mgongo umenyanyuka mabegani, miguu myembamba, amechorwa kwa mstari mmoja safi ambao fundi wangu wa rangi na brashi ya kisasa hauwezi. Ukishampata mmoja wengine wanajileta. Watu warefu wembamba kama vijiti wenye vichwa vikubwa, kama wamevaa nywele za sherehe, kumbe walikuwa pale tangu saa sita wanatuangalia.

Kuna sehemu moja watu watano wamesimama pamoja, wa katikati kama anavutwa huku na huku. Mwanangu wa kwanza akasema wanagombana, binti akasema we hujui, wanacheza ngoma. Mwongozaji akacheka, akasema Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja kunakili michoro ya huku mwaka 1951, yeye aliona mwanamke anatekwa, ila watafiti wa baadaye wapo wanaosema ni mambo ya uganga, mtu anatibiwa. Kwa hiyo binti yangu wa darasa la nne ana hoja. Wamebishana mpaka tumefika chini na mpaka leo hawajapatana, na mimi sijawahi kuona watoto wangu wanagombania jambo ambalo halina chaja.

Wachoraji wenyewe wanasemekana ni wawindaji wa kale, ndugu wa hawa Wasandawe walioko Chemba na Wahadzabe, walitumia ngeu (ule udongo mwekundu wa rangi), na zile nyeupe nenenene za juu yake ni za wakulima waliokuja baadaye. UNESCO walipoyaweka maeneo haya kwenye urithi wa dunia mwaka 2006 walisema watu wamechora huko kwa muda usiopungua miaka 2,000. Tanzania nzima tuna maeneo 7 tu kwenye orodha hiyo, Serengeti na Kilimanjaro ndani yake. Mzee yeye hana habari na orodha. Anachojua ni kwamba Mungomi ni mahali pa kuomba mvua na kuombea wagonjwa, wenye kazi hiyo wanapanda na pombe ya nafaka wanafanya yao, kwa hiyo alituambia kabla hatujaondoka, msipige kelele kule, ile sio nyumba tupu.

Na lile shimo pale chini ya mwamba nikamuuliza ni la nini. Akasema dhahabu ya Mjerumani. Vita ya 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza walipigana Kondoa, basi watu wakaamini kuna mali ilifukiwa, wakaja kuchimba. "Wamepata nini?" "Malengelenge."

Hayo yote alikuwa anasema usiku, tumekaa kwenye moto mbele ya hema, mke wangu anatafsiri pale Kirangi kinapozidi, tunakula ugali wa uwele na mlenda na kuku mmoja aliyekuwa mzima mchana. Akawaambia watoto kwamba hivi vilima vilikuwa makorongo matupu, ardhi nyekundu inaondoka na mvua, mpaka mwaka 1979 serikali kupitia ule mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ikaamuru mifugo yote itoke. Baba yake aliswaga ng'ombe wao kwenda mbali, walilia nyumba nzima. Sasa miti imerudi. Watoto kimya, moto unalia tu, na mimi nikawa najiuliza hiki ninacholipia ada shule ni nini hasa.

Sasa ombi langu Mheshimiwa. Sio kila mtu ameoa Kolo. Sehemu za kupiga hema zipo kule na wageni kutoka ng'ambo wanazitumia, wanakuja na Land Cruiser zao zenye hema juu ya paa na friji, hongera zao. Mimi namwombea mtu kama mimi, mwalimu, muuza duka, dereva, ambaye hana hema wala mjomba Kondoa, hata neno kambi kwake ni la JKT. Huyu muwekee hema za kukodisha zilizokwisha simikwa kabisa (na nguzo zote zihesabiwe), blanketi, maji, choo, na bei moja ya familia kwa shilingi inayojulikana kabla hajatoka nyumbani, baba mama na watoto, usiku mmoja, risiti moja. Mzitangaze redioni wakati wa likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Sasa hivi mtu wa Dar anapanda treni ya umeme anafika Dodoma kwa masaa tu, stendi anapata basi la Kondoa, kinachobaki ni aambiwe akifika alale wapi. Na wazee kama huyu wetu walipwe kwa kukaa na watu kwenye moto, sio soda, hela, na mama lishe wa kijiji ndo wapike.

Najua mtaalamu wako mmoja atasema watu wakiwa wengi watayaharibu. Ana haki. Weka hema 10 tu basi, chini kabisa mbali na miamba, moshi usifike kwenye michoro, na juu mtu asipande bila mwongozaji. Ila fikiria na hili: zamani watu walikuwa wanaimwagia maji ile michoro ili rangi iwake, iwake wapige picha waondoke. Mtu anayelala pale hana haja ya maji, anasubiri jua. Mharibifu ni haraka, na haraka inatokana na kutokuwa na pa kulala.

La mwisho sio ombi, ni taarifa. Siku ya kuondoka tulimkuta yule wa miaka sita kachukua udongo mwekundu kauchanganya na mafuta ya kupikia ya bibi yake, kachora tembo kwenye ukuta wa mzee uliopigwa chokaa juzijuzi. Mkonga mrefu kuliko mwili. Mimi nikawahi na kitambaa cha maji, mzee akanishika mkono, akasema acha, hujui kwamba haitakiwi kumwagiwa maji?

Mwezi wa kumi na mbili tunarudi, na shemeji zangu wawili wa Dar na watoto wao wameshasema wanakuja, jumla tutakuwa 13. Hema la kuazima linatosha watano. Mzee ameniuliza afuge kuku wangapi, nimemwambia asubiri kwanza nisikie kutoka kwako.

Wako,
Mkwe wa Kolo, Dodoma